Masomo Mia Moja na Kumi na Mawili

Duka la kutoa kopi lilikuwa limejaa watu mpaka mlango haufungiki, maana kesho yake ndiyo ilikuwa mwisho wa kujiandikisha mtihani, na watu na siku ya mwisho unawajua. Kila mtu ana fomu, kila mtu ana haraka, kila mtu amesahau picha ndogo. Nyuma ya kompyuta alikaa kijana mmoja mwembamba kweli kweli, wanamwita Waya. Duka lilikuwa la shangazi yake, na shangazi mwenyewe alikuwa kwenye mashine ya kopi anagombana na karatasi zilizokwama.

Katikati ya vurugu ile mkono ukapenya, ukaweka flashi mezani. Mkono una bangili moja ya shaba, na vumbi la chaki kwenye kucha.

"Kaka, nifungulie hii. Nakuomba."

Waya akaichomeka. Kimya. Akaipuliza, akaichomeka tena. Kompyuta wala haikujua kama kuna mgeni.

"Dada, hii imekufa."

"Usiniambie hivyo."

"Sasa nikuambieje?"

Akainua macho, na hapo ndipo alipoharibikiwa. Gauni la kijani limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kilemba cheupe, na macho yanaanza kulowa. Dada alikuwa mwalimu wa baiolojia. Alikuwa anajirekodi akifundisha, anawapa watu walioacha shule zamani: mama wenye vichanga, walinzi, wapishi, watu wasioweza kukaa darasani. Masomo yote yalikuwa ndani ya ile flashi.

"Mwalimu," Waya akasema, "mali yote hii unaiweka kwenye kitu ambacho hata mbuzi anaweza kumeza? Weka kwenye wingu."

"Wingu gani tena?"

"Unayapandisha kwenye mtandao, yanakaa kwenye makompyuta makubwa huko mbali. Mwanafunzi anafungua kwa simu yake popote alipo. Simu yako ikizama kwenye ndoo, masomo yapo. Hata duka hili likiungua, yapo."

"Shindwa!" shangazi akadakia. "Liungue la kwenu!"

"Si ndilo la kwetu, shangazi."

Mwalimu akacheka huku analia. Waya akamfungulia akaunti palepale, foleni nzima inampigia kelele.

Ndivyo yalivyoanza. Mchana wateja wakipungua, Mwalimu anakuja dukani, Waya anamshikia simu, anamrekodi upya masomo yaliyokufa na flashi. Jioni wanapigiana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sauti yako."

"Utakufa njaa, Waya wangu. Ndiyo maana mwembamba."

Miezi minane ikapita. Masomo mia moja na kumi na mawili yakawa juu, wanafunzi arobaini na watatu wakawa wanayafungua kila siku, na mtihani ukawa umebakiza siku tisa.

Jumanne asubuhi Mwalimu akapiga. "Mpenzi, somo la mwisho halipandi. Wanasema nafasi imejaa."

"Niachie mimi."

Shangazi naye siku ile alikuwa anaimba wimbo mmoja tu: kompyuta nzito, kompyuta nzito, Waya punguza makorokoro yako. Waya akaona afanye yote kwa mpigo. Akaifuta folda ya masomo kwenye mashine ya duka. Hii ni nakala tu, akajisemea, masomo yenyewe yako juu. Kisha akaingia kwenye wingu, akakuta pipa la taka limejaa. Video mbovu za zamani hizo. Akabonyeza kumwaga. Wakamuuliza, una uhakika? Uhakika alikuwa nao. Akabonyeza.

Akafungua folda ya juu, apandishe lile somo la mwisho Mwalimu alilomtumia kwa simu.

Tupu.

Akafunga, akafungua. Tupu. Miezi minane nyuma aliunganisha kompyuta ile na wingu kwa mikono yake mwenyewe, ili akiweka kitu hapa kijipandishe juu chenyewe. Sasa kumbe njia ile inapitika pande zote. Alipofuta huku, na kule vikafutika, vikaangukia kwenye pipa. Na pipa si amelimwaga sasa hivi?

Simu ikalia. Mwalimu.

"Waya, wanafunzi wanasema hawaoni kitu. Na mimi sioni."

Mdomo ukafunguka kabla ya akili. "Ni mtandao. Wanafanya matengenezo. Kesho watarudisha."

"Kesho kweli?"

"Kweli, mpenzi."

Akakata simu. Akawaandikia wenye wingu. Jibu likaja la mashine: ombi limepokelewa, subiri siku saba hadi kumi na nne, hatuahidi chochote. Chakula kikamshinda. Jumatano Mwalimu alipiga mara sita, akapewa matengenezo yaleyale. Alhamisi Waya akazima simu kabisa.

Ila hakukaa bure. Alikumbuka msusi mmoja wa saluni ya mtaa wa nyuma, mwanafunzi wa Mwalimu, anayefanya mtihani kwa mara ya tatu. Yule alikuwa na tabia ya kushusha masomo kwenye simu yake ili asile bando mara mbili. Waya akaenda mbio. Msusi akatoa simu, wakainamia kioo pamoja, vichwa vinagusana, mafuta ya nywele yananukia.

"Ninayo kumi na tisa," msusi akasema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ila usimwambie Mwalimu nimekuja, tafadhali dada yangu."

Msusi akamchapa begani, akacheka. "Una siri wewe!"

Na nje ya dirisha, Mwalimu amesimama, alikuwa njiani kwenda dukani kumtafuta. Wanafunzi wake aliwajua kwa sauti tu, maana wakikutana mtandaoni kamera wanazima kuokoa bando. Alichokiona yeye ni mwanamke mrembo mwenye aproni ya waridi, anamchapa Waya begani. Akageuka, akaondoka.

Waya alipowasha simu, ikalia hapohapo.

"Simu umezima siku nzima. Nimekuona saluni. Yule ni nani?"

Neno "mwanafunzi wako" lilishafika ulimini. Akalimeza. Akilitoa, ataulizwa alikuwa anatafuta nini kule. Na hapo likamjia wazo baya kuliko yote: mwache aamini hivyo. Mwanaume mwenye mwanamke mwingine, wapo wengi, watu wanasamehewa. Aliyefuta miezi minane ya maisha ya mtu, anasamehewa na nani?

"Ni mtu tu," akasema.

"Mtu tu." Mwalimu akarudia. "Haya, Waya."

Saa tisa ujumbe ukaingia kwenye kundi la darasa: wote tukutane mtandaoni saa kumi na moja, nina jambo la kukiri. Waya alikuwa kwenye kundi kama fundi. Akajiunga, ameketi nyuma ya kompyuta.

Uso wa Mwalimu ukatokea, macho yamevimba.

"Wanafunzi wangu, hakuna matengenezo. Nimewauliza wenyewe leo, wakaniambia masomo yalifutwa kwa akaunti yangu. Jumatatu nilikuwa nabonyezabonyeza nikitafuta nafasi. Ni mimi niliyefuta. Nisameheni. Msimlaumu mtu mwingine."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya Waya. Akaona shingo ya mtoto wa kaka yake inavyocheza. "Waya," akasema polepole, "kwa nini unatetemeka hivyo?"

Kidole kilikataa. Alikisukuma kwa mkono mwingine, maikrofoni ikafunguka.

"Mwalimu, si wewe. Ni mimi. Nilifuta Jumanne asubuhi, nikamwaga na pipa."

Mwalimu akasogeza uso karibu na kamera.

"Ulijua lini?"

"Dakika ileile."

"Siku tatu nimekuuliza. Siku tatu najiona nimeanza kuchanganyikiwa."

"Ndiyo."

Sauti ya kike ikaingilia kati. "Mwalimu, samahani, mimi msusi. Ninayo kumi na tisa kwenye simu, kaka Waya alikuja kuyachukua leo. Jamani, wengine mna mangapi?"

Mlinzi mmoja akasema thelathini na moja. Mpishi akasema ana yote ya mimea. Wakaanza kuhesabiana kwa kelele, na uso wa Mwalimu ukatoweka kwenye kioo.

Ijumaa akaja dukani, gauni la kijivu, bangili hana. Shangazi alimtazama, akachukua pochi yake, akatoka bila mzaha wowote. Jambo hilo lilimtisha Waya kuliko matusi.

"Yamebaki mangapi?"

"Ishirini na manne hayakupatikana kwa mtu yeyote."

"Siku?"

"Sita."

"Manne kwa siku." Akavuta kiti, akapanga vitabu mezani. "Kufuta ningekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini uliona heri niamini una mwanamke."

"Niliogopa kukupoteza."

"Na mimi niliogopa. Tofauti yetu, mimi niliachwa niogope peke yangu."

"Mwalimu, mimi na wewe..."

"Usiniulize leo. Sijui." Akajifuta uso kwa kiganja, akasimama mbele ya ukuta mweupe. "Shika simu. Tunaanza na figo."

Akashika. Mwalimu akavuta pumzi, akafungua mdomo, akafunga.

"Waya, picha inatikisika."

"Bado naogopa."

Mwalimu akamtazama muda mrefu, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni na karatasi zake akaona asiingie. Kisha akasogea, akaushika ule mkono wenye simu kwa mikono yake miwili, na yenyewe ilikuwa ya baridi, inatetemeka vilevile.

"Basi tuogope wote," akasema. "Washa."