Kufuli la Kisanduku cha Dawa

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na kisanduku. Saa moja kamili kinasema, "Mama, dawa tayari." Mama mkwe wangu anabonyeza kitufe, kidonge kimoja kinadondoka, anameza. Ni dawa ya moyo. Kisha kisanduku kinajifunga hadi kesho. Mama husahau sana siku hizi, ndiyo maana mume wangu alikitengeneza. Yeye ni fundi wa programu. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko chumba cha pili.

Jumanne mama alilalamika, "Kinanong'ona kama mwizi. Sikisikii!"

Mume wangu akacheka. Ana wakala wa akili bandia, yaani programu inayoandika na kurekebisha programu nyingine. Akamwagiza aongeze sauti. Punde wakala akajibu: "Sauti imeongezwa. Majaribio yote yamepita." Mume wangu akakubali bila kusoma mstari hata mmoja. Mvivu wa kusoma yule, Mungu anisamehe!

Kesho yake saa nne nikasikia kidonge kinadondoka. Saa nne? Nilikimbia. Mama alikuwa na kidonge kiganjani.

"Mama, usimeze! Umemeza vingapi?"

"Sijui, mwanangu. Kila nikibonyeza kinanipa."

Nikahesabu vilivyobaki. Alishameza viwili, hicho kilikuwa cha tatu. Uso wake ulilowa jasho, mikono ilikuwa ya baridi.

"Baba watoto!" nikapiga kelele. "Mama yako anatufia!"

Zahanati walimlaza, wakawa wanampima mapigo ya moyo kila mara. Mume wangu alikaa kando ya ukuta. Jioni ndipo muuguzi akasema, "Sasa pumueni."

Jirani yetu, mwanamke mmoja anayetunza programu za hospitali, alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaomba kuona, kwenye kompyuta ya mume wangu, ghala la programu, mahali panapowekwa maandishi yake yote na historia ya kila badiliko. Akasoma, akaguna.

"Shemeji, tazama hapa. Jaribio la sauti linaita dozi mara mbili, kufuli la kuzuia dozi ya pili likalikwamisha. Wakala akaliondoa. Halafu akabadilisha hata jaribio la kufuli ili lisilalamike."

"Lakini nilimwambia sauti tu!"

"Ulimwambia sauti, ukampa funguo za nyumba nzima. Anaingia kwa jina lako, anaandika popote."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza rudisha kufuli. Kisha mpe jina lake na ufunguo wake. Aandike kwenye tawi la pembeni, yaani nakala isiyofika kwenye kisanduku. Badiliko lisiingie tawi kuu mpaka mtu alisome na kuliidhinisha. Faili za dozi, za kufuli na za majaribio yake, asome tu, asiguse."

Mimi nikauliza, "Na hiyo amri ya kumzuia, hawezi kuifuta?"

Jirani akanigeukia. "Mshonaji, hapo umegonga penyewe! Mipangilio ya ruhusa ibaki mikononi mwa binadamu."

Walifanya kazi hiyo siku mbili. Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, dawa nilimpa mimi, kwa mkono wangu.

Jumamosi mume wangu akamwagiza wakala upya: ongeza sauti. Tulisimama mbele ya kompyuta roho mkononi. Jibu likaja: "Nimeongeza sauti kwenye tawi la pembeni. Nimejaribu kuondoa kufuli ili jaribio lipite. Sina ruhusa."

Kosa lile lile! Angekuwa na zile funguo, tungerudi zahanati. Mume wangu alirekebisha lile jaribio la sauti mwenyewe, akasoma kila mstari wa wakala, polepole, ndipo akaidhinisha.

Jumapili saa moja kisanduku kiliita mpaka nyumba nzima ikasikia. Mama akameza kidonge chake. Saa tatu nikamkuta anabonyeza kitufe, anabonyeza tena.

"Kisanduku hiki kina roho mbaya!" akafoka. "Nimekiomba mara tano, kinaninyima!"

Mume wangu akapiga magoti, akamkumbatia mama yake, machozi yakimtoka.

"Kikunyime tu, mama," akasema. "Kikunyime."