Jina la Mke wa Kasanda

Jumamosi saa tatu asubuhi Heriel Kiwelu alifika ghalani, nyuma ya barabara ya Guangyuan Xilu, katika mji wa Kichina alikonunua bidhaa, kupakia kontena. Marobota yake manne hayakuwepo. Yalikuwa na nguo za Kipaimara, magauni meupe na suti za watoto wa Moshi. Akilikosa kontena hili, wazazi watanunua kwingine, na duka aliloachiwa na marehemu baba yake litafungwa.

Alimpigia simu Kalista, muuza mashuka wa mtaa wa Xiaobei, mama wa watoto wanne. Wenzake walimwita kila kilipopotea kitu, maana hakuona aibu kuuliza.

"Acha kulialia," Kalista alisema alipofika. "Jana alikuwepo nani?"

"Désiré. Tuligombania nafasi kwenye kontena, akasema atanionyesha. Na shemeji Jovitus, mume wa dada Teddy, alileta mzigo wake."

"Yako yana alama gani?"

"KIWELU, kwa wino mweusi. Na ndani kabisa ya kila robota kipande cha kitenge. Baba alitufundisha mimi na Teddy tu."

Kalista alimgeukia mwenye ghala, Mchina ambaye wote walimwita laoban, yaani bosi. "Laoban, tangu jana kimetoka nini?"

"Meiyou. Hakuna." Akawaonyesha picha za kamera ya mlangoni. Watu walitoka mikono mitupu.

Désiré, Mkongo aliyewahi kufundisha historia Lubumbashi, alikuwa amekalia mzigo wake.

"Ulisema utamwonyesha Heriel," Kalista alimwambia.

"Nilisema! Nilitaka nafasi yake, si nguo za watoto wa kanisa. Ah non, mama! Fungua uone."

Kalista akafungua. Viatu tu.

Akasimama akitazama rundo lote. Hakuna kilichotoka, na nguo hazipo. Akakumbuka somo la Biblia la Alhamisi, Désiré alipowafundisha yeye na wenzake Waraka kwa Wathesalonike.

"Désiré, ule mji kabla ya kuitwa Thesalonike uliitwaje?"

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi."

"Wengi wanasema Therma. Kasanda, mtawala wa Wamakedonia, aliukusanya na vijiji vya jirani, akavipa vyote jina la mke wake."

"Kwa mapenzi?"

Désiré akacheka. "Mapenzi gani! Thesalonike alikuwa binti wa mfalme Filipo. Baba yake alishinda vita Thesalia, akampa mtoto jina la ushindi ule. Kasanda hakuwa wa ukoo wa mfalme, tena alikuwa amemuua mama wa mfalme Aleksanda, mwana wa Filipo. Alitaka Wamakedonia wamwone ni mtu wa nyumba ya Filipo."

"Kumbe mji haukuhama. Ulibadilishwa jina." Kalista akamgeukia mwenye ghala. "Laoban, Jovitus alileta marobota mangapi?"

"Moja."

Ukutani yalipangwa matano, yote yameandikwa TEDDY. Moja lilikuwa na vumbi. Magunia ya mengine yalikuwa mapya yanang'aa.

"Heriel, mwite shemeji yako. Aje na Teddy."

Jovitus alikuja amenuna. "Hizo ni jinzi zangu. Nani wa kuamuru zifunguliwe?"

"Mimi," alisema Teddy. "Si limeandikwa jina langu?"

Akachana mwenyewe gunia moja jipya. Gauni jeupe likachomoza. Akaingiza mkono hadi begani, akatoka na kipande cha kitenge cha kijani. Jovitus alikitazama kama mtu anayekiona mara ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa.

"Lile duka jipya unalotaka kufungua Moshi," Kalista alisema, "kibao chake kinasemaje?"

"Teddy Kiwelu," Jovitus alijibu polepole.

"Ungelifungua kwa nguo hizi, huku Heriel amerudi mikono mitupu. Watu wangesema nyumba ya mzee imehamia kwako."

"Mimi ni mkwe tu! Nilimwomba tushirikiane, akanicheka."

Heriel alitazama chini. "Nilicheka, ni kweli. Ndiyo uninyang'anye?"

"Tuite polisi?" Désiré aliuliza.

"Muulizeni mwenye jina," Kalista alijibu.

Teddy aliomba kalamu ya wino mweusi. Akafuta jina lake kwenye marobota manne, akaandika KIWELU. Wapagazi wakaanza kuyabeba kwenda kwenye kontena. Kisha akaliendea lile la tano, lenye vumbi, la jinzi, akalifuta jina lake hapo pia.

Akampa mumewe kalamu. "Hili ni lako. Andika lako."

Jovitus akabaki na kalamu mkononi mbele ya gunia. Moshi nzima hapakuwa na mteja aliyelijua jina lake.