Mkono Uliovishwa Ngozi Mpya

Jua lilikuwa linazama Fundi Mikono alipobisha hodi kwa mteja wake, seremala. Kazi ya dakika tano, alijiambia. Hata chai hatakunywa, labda wamlazimishe, na yeye hulazimika upesi.

Hakuna aliyemlazimisha.

Seremala alikaa pembe moja ya sebule, mkono wake wa bandia ameuvua na kuuweka mapajani. Mkewe, Mama Pacha, alisimama pembe ya pili, mtandio umebana shingo.

"Uchukue mkono huu," alimwambia Fundi. "Jana ulinikaba."

"Si mimi," seremala akasema.

"Nani basi, paka?"

"Fundi, huyu anatafuta talaka. Msikilize tu."

Fundi akacheka peke yake, akaacha. Akaeleza kama anavyowaeleza wateja wote: msuli wa kigasha, chini ya kiwiko, ukikaza, hutoa umeme kidogo, vihisio viwili vinaunasa, mkono unafumba au unafumbua. "Amri hutoka kwa mtu kwenda mkononi. Hairudi nyuma. Pengine ni jasho tu limevichanganya vihisio."

"Kwa hiyo ni yeye," mama akasema taratibu. "Umesema mwenyewe."

Seremala akamtazama Fundi kama anayempima jeneza.

Ikabidi athibitishe. Akauweka mkono mezani, vihisio akavifunga kwenye kigasha chake mwenyewe, akawasha kompyuta. Akakaza: mstari ukapanda, vidole vikafumba. Akalegeza: mstari ukalala, vidole vikatulia.

"Mnaona? Mtiifu kuliko mimi kwa mke wangu."

Hakuna aliyecheka.

Zzz...

Gumba la bandia lilianza kusugua kidole cha shahada. Polepole... kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Fundi akatupia jicho kompyuta. Mstari ulikuwa umepanda. Msuli ni wake. Lakini hakuwa amekaza kitu.

Harufu ya tumbaku ikajaa chumbani. Mle ndani hakuna aliyevuta.

"Marehemu," mama akanong'ona.

"Marehemu gani?" seremala akauliza.

"Mume wangu wa kwanza, mvuta tumbaku. Alikuwa akisugua vidole hivyo... kabla hajanipiga." Akamgeukia Fundi. "Naye alikuwa na mkono wa bandia. Huu wewe ulituambia ni mpya."

Haukuwa mpya. Uliletwa karakana na ndugu wa marehemu mmoja, umeviringishwa kwenye gazeti. Yeye akaufuta kwa spiriti, akauvisha ngozi mpya ya plastiki, akanyamaza.

Zzz... Vidole vikafumbuka. Vikashika ukingo wa meza, vikajivuta.

Upande wa mama.

Fundi alivibandua vihisio kwa mkupuo mmoja, vikaondoka na vinyweleo. Akachomoa betri.

Vidole vikalegea.

"Nilisema si mimi," seremala akasema. Mkewe hakumsogelea.

"Toka nao," alimwambia Fundi. "Na miguu yako isikanyage tena hapa."

Fundi akaufungia mkono kabatini karakana, betri akatia mfukoni, ufunguo akautupa mtaroni. Alifika nyumbani amekwishatunga mzaha wa kuusimulia. Mkewe alikuwa akimpakulia, amenuna kwa kucheleweshwa.

Upawa ukasimama hewani.

"Tangu lini unavuta sigara?"

"Mimi? Sivuti."

"Na hicho unachofanya ni nini?"

Fundi akatazama chini. Mkono wake mwenyewe, wa nyama na damu, ulikuwa juu ya meza. Gumba linasugua kidole cha shahada.

Polepole...

"Acha, mume wangu. Unanitisha."

Alijaribu kuacha.