Kitambaa cha Kiti cha Nyuma

Wewe unayenunua vitu kwa pupa, kaa chini unisikilize.

Fundi cherehani alinunua gari kuukuu ili awe anampeleka mama yake kliniki. Siku ya kwanza tu, kengele ya mkanda ikaanza kulia: nyuma kuna mtu hajafunga. Nyuma hapakuwa na mtu. Alipopapasa kiti akakuta kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi, na harufu ya udongo uliolowa ikamjaa puani.

Mwenye akili angelirudisha jioni ileile. Yeye akaona tatizo ni kitambaa. Mafundi cherehani bwana, kila shida wanataka kuishona! Akakibandua, akaweka kingine, gari likanyamaza. Kile cha zamani hakukitupa. Fundi gani hutupa kitambaa kizima? Alikifua, akamshonea mama yake mto wa kukalia.

Kesho yake mama hakuinuka kitini.

"Mama, chakula tayari."

"Tumeshiba," mama akajibu, kwa sauti nzito ya mwanamume.

Fundi akauvuta ule mto. Mama akapiga ukelele, na kitambaa kikaja na ngozi yake. Fundi akauachia, akalia kama mtoto.

Akakimbilia ofisi ya malalamiko ya wanunuzi. Karani akamsikiliza vizuri, maskini, ingawa habari za mama hakuambiwa.

"Hiyo ni kasoro iliyofichwa, kaka. Sheria iko upande wako. Muuzaji atalipokea, mradi lirudi kama lilivyokuwa, lisipungue kitu." Akampa barua yenye muhuri.

Muuzaji aliisoma, wala hakubisha. Akafungua mlango wa nyuma, akanusa.

"Kitambaa hiki si chetu," akanong'ona. "Kilete chetu, na mwenyewe aliyekikalia."

"Kumbe ulijua?"

"Mbona mwenzako aliyelinunua kabla yako hakuniuliza hivyo? Kilete. Ukisaini tu, anarudi mahali pake."

Fundi akasikia neno moja tu: anarudi. Basi akambeba mama na mto wake mchana kweupe, akampakia kiti cha nyuma, akaendesha huku harufu ya udongo ikizidi mpaka macho yanamchoma, huku nyuma yake watu wawili wakipumua katika kifua kimoja, naye hathubutu kutazama kwenye kioo, anasema tu moyoni vumilia mama, vumilia kidogo, leo unapona, mpaka akafika, akashuka, akasaini karatasi ya kurudisha gari.

Muuzaji akagonga muhuri. Milango yote minne ikajifunga.

"Mama yangu yumo," fundi akasema.

"Kitambaa ni cha gari. Kilichoshikana nacho ni cha gari." Muuzaji akaikunja ile barua vizuri, akaitia mfukoni. "Lisipungue kitu. Si ndiyo haki yako uliyoidai?"

Fundi akavuta kitasa mpaka kucha zikang'oka. Akapiga kioo kwa jiwe, jiwe likavunjika. Muuzaji alikuwa upande wa pili, anabandika karatasi ya bei. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu jana, fundi akasikia sauti ya mama yake mwenyewe, ndogo, karibu kabisa na kioo:

"Mwanangu, humu tuko wengi. Nifungulie."