Bisibisi ya Bi Ummkulthum

Mume wangu Othman hapendi kuambiwa. Mimi, mkewe Mgeni, nimekaa naye miaka kumi na miwili, kwa hiyo najua ninachosema. Yeye ni fundi seremala hapa Konde. Mikono yake ni mizuri, lakini masikio yake mazito.

Kila Ramadhani ikifika katikati, Othman huenda kiwanjani kuipaka rangi pembea ya watoto. Aliijenga mwenyewe kwa nguzo nne za mti wa mvinje. Sikukuu ikifika, watoto hujipanga pale na nguo zao mpya. Na desturi yetu ni kwamba mtoto wa fundi ndiye anayeifungua pembea. Mwaka huu zamu ilikuwa ya binti yetu Suhaila, mwenye miaka saba. Tangu siku ya kwanza ya kufunga hakuwa na jingine la kusema.

"Mama, nitapanda juu mpaka nione paa la msikiti?"

"Utaona mpaka mjini Wete," nikamwambia.

Siku ya kumi na saba ya mfungo, nilimpelekea Othman brashi aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta na mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkononi ana bisibisi.

"Assalamu alaykum, dada," akasema. "Mimi Ummkulthum. Ni fundi wa kuchomea vyuma kule Mtambile, kusini ya kisiwa. Nimetumwa na Jumuiya ya Mafundi wa Michezo ya Watoto."

"Waalaykum salaam. Karibu, Bi Ummkulthum."

Othman akanuna. "Ndio hao hao. Mwaka jana walinitaka nijiunge. Nikawaambia, baba yangu hakuwa na jumuiya, na pembea zake zilisimama."

"Zilisimama, ndiyo," akasema Bi Ummkulthum. "Sikukuu ikiisha, baba yako alifanyaje?"

"Alizing'oa nguzo, akaziweka darini."

"Na wewe?"

"Mimi naziacha. Watoto wanacheza mwaka mzima. Na rangi napaka kila mwaka, unaona zinavyong'aa!"

"Unapaka mpaka wapi, fundi?"

"Mpaka chini."

"Mpaka chini ya ardhi?"

Bi Ummkulthum akapiga magoti. Akafukua udongo kando ya nguzo, kina cha shubiri moja. Kisha akaichoma nguzo kwa bisibisi, pole pole tu. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, kama kisu kwenye papai bivu.

"Subhanallah!" nikasema.

Othman hakuamini. Akaisukuma nguzo kwa kiganja kimoja. Ikalia kidogo, ikakatika shinani, ikaanguka. Juu ilikuwa nyekundu inayong'aa. Chini ilikuwa unga mtupu, na mchwa wanakimbia. Nikamfikiria Suhaila wangu na gauni lake jipya. Nikakaa pale pale chini.

"Ulijuaje?" Othman akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe hujawahi kufika hapa."

"Sikujua. Sikukuu iliyopita, pembea ya mwenzetu mmoja ilianguka. Mtoto akavunjika mkono. Yule fundi alisimama mkutanoni akatueleza kila kitu."

"Mwenyewe? Mbele za watu?"

"Mwenyewe, huku analia. Ndiyo kazi ya jumuiya, fundi. Kosa la mmoja tunalijua sote, lisirudiwe. Tukapanga utaratibu wa kujenga na wa kukagua. Tukagawana vijiji. Mimi nikapewa Konde."

Wallahi, nilimtazama mwanamke yule nikastaajabu. Mtu kavuka kisiwa kizima, na saumu yake, kuja kuchimbua mguu wa pembea ya watoto asiowajua!

"Basi tufanyeje?" Othman akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba ushauri.

"Tukate nguzo mpya, na mti usizikwe tena. Nitachomea viatu vya chuma. Kiatu kinazikwa kwenye zege, nguzo inakaa juu yake, haigusi udongo. Zege tutalimwagia maji wiki nzima, lishike. Chini ya pembea tuondoe udongo mgumu, tutie mchanga laini, kina cha shubiri mbili. Kisha tuijaribu kwa magunia ya mchanga kabla ya mtoto yeyote. Lakini kuna jambo moja gumu zaidi."

"Lipi?"

"Wenzako wote wapate habari ya nguzo hii. Leo."

Othman akainama. "Watanicheka, Bi Ummkulthum."

"Wacha wakucheke," nikadakia. "Suhaila yu mzima."

Othman akatoa simu, akaipiga picha ile nguzo iliyooza. Akarekodi maneno yake: "Mimi Othman Kificho, fundi wa Konde. Nguzo hii ni yangu. Niliipaka rangi, sikuichimbua. Chimbueni zenu." Akawatumia mafundi wote anaowajua.

Kabla ya magharibi simu ikalia. Alikuwa fundi Seif, mwenye pembea kijiji cha Shumba.

"Othman, nimechimbua. Mbili zimeoza! Na wanangu walikuwa juu ya pembea jana." Hakuna aliyecheka.

Othman akakaa kizingitini. "Mgeni," akaniita, "watoto wa Shumba... kwa maneno yangu yale tu?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Jioni ile aliomba kujiunga na jumuiya.

Yeye na Bi Ummkulthum walifanya kazi siku zote zilizobaki. Siku mbili kabla ya Sikukuu walining'iniza magunia, mazito kuliko watoto watatu, wakayapembeza kwa nguvu. Nguzo hazikutikisika.

Asubuhi ya Idd kiwanja kilijaa. Suhaila akakaa kwenye kibao, akashika kamba. Mara akateremka.

"Baba, umekagua leo?"

Othman alikuwa na kanzu mpya, nyeupe pe. Akapiga magoti mchangani. Akatoa bisibisi mfukoni, akachoma nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Bisibisi haikuzama hata kidogo. Akavikagua na viatu vya chuma, akazivuta kamba. Kisha akasimama, magoti yamejaa mchanga.

"Nimekagua, mwanangu. Panda."

Akapanda, na baba yake akamsukuma.

"Mama!" akapiga kelele kutoka juu. "Naliona paa la msikiti!"