Doa Jekundu Juu ya Beringi

Kila jioni nikitoka shule nilipitia kituo cha maji alikofanya kazi mama. Pampu mbili za mji zilikuwa chini, ngazi kumi na mbili, na goti la mama lilikuwa limevimba. Basi nilishuka mimi na kifaa kidogo cha kupima mtetemo, nikamtajia namba, naye akaziandika kwenye daftari akiwa juu.

"Kwenye doa jekundu, mwanangu," aliniambia kila siku. "Siyo kando yake."

Doa hilo alilipaka mwenyewe juu ya beringi inayoshika shafti, ule mhimili unaozunguka. Pampu ikianza kuharibika, mtetemo hupanda pale kwanza. Lakini pale pamejaa grisi, na grisi ni king'ang'anizi. Siku moja ilinichafua mkono wa shati la shule, nikasugua mpaka vidole vikauma. Tangu hapo nikawa nagusisha kifaa kwenye mguu wa pampu, uliofungwa kwa boliti kwenye zege. Namba zilikuja ndogo, nami nikatoka safi. Nilijiambia kwamba sijadanganya, kwa kuwa namba nilizisoma kweli. Moyoni nilijua.

Jumanne asubuhi pampu ya kwanza ilikufa. Beringi ilisagika na shafti ikapinda. Pampu ya pili ikabaki na mzigo wote, mitaa ya juu ikakauka, watu wakapanga foleni na ndoo zao. Jioni nilimkuta mama mbele ya injinia mkuu wa kituo, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, namba hizi umezipika," injinia alisema akigongagonga daftari. "Beringi haifi ghafla namna hii. Kesho usije kazini."

"Anayepima ni binti yangu. Kumshusha huko ni kosa langu," mama alijibu taratibu. "Lakini namba hazikupikwa. Mwanangu hasemi uongo."

Afadhali angenichapa. Nyumbani hakuna mwingine mwenye kazi, na sasa mama alikuwa anaipoteza yake huku akinitetea.

"Nilipima kwenye mguu," nilisema. "Pampu zote mbili. Wiki tatu."

Mama alikaa chini. Hakuniangalia. Injinia alichukua kifaa, akashuka kwenye pampu ya pili, nami nikamfuata. Kwenye mguu, moja nukta nane. Kwenye doa jekundu, nane nukta sita. Akaizima palepale.

"Hii isingefika asubuhi," alisema.

Mji ulikaa bila tone siku nzima, mafundi wakibadilisha beringi, kisha maji yakarudi. Mama hakufukuzwa, ila alisimamishwa mwezi mzima. Mwezi ule alishinda nyumbani, goti lake likiwa juu ya kigoda.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi kazini, aliniita.

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," alisema. "Pampu ilikuwa inaumwa, wewe ukaigusa pasipouma. Kipimo cha kweli kinachukuliwa pale penye uchafu, mwanangu. Grisi ingebaki kwenye shati tu."

Kesho yake alishuka ngazi zote kumi na mbili mwenyewe, akishika ukuta. Niliomba nishuke mimi.

"Bado," alisema, akanipa daftari. "Andika."