Mdomo wa Kuazima

Teguni hiki: anasema kutwa nzima, na neno lake halimo. Ukijibu kasuku, umekosa. Ni mkalimani wa mahakama.

Huyu wetu alikuwa binti wa watu, nadhifu, gauni lake la kijivu limepigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe. Asubuhi moja alipanga foleni ya kutoa kopi mbele ya mahakama, watu wamebanana kama njiti za kiberiti, mbele yake kijana seremala mwenye maranda nywelini.

"Kaka, leo umepiga randa mbao au kichwa?"

"Vyote viwili, dada. Mbao ndiyo iliyolainika."

Basi, kicheko kikafungua mlango. Simu za mchana zikaanza. Binti akamwita Maranda, naye akaitwa Mwalimu, maana kijana aliomba afundishwe Kiingereza cha biashara na sheria. Alikuwa ameshatia saini mkataba na duka kubwa la samani bila kuelewa hata mstari mmoja. Walimwambia ni karatasi ya kupokelea mbao. Jioni, katika karakana aliyoachiwa na marehemu baba yake, akawa anaandika kwa chaki juu ya ubao: "profit", faida, "defendant", mdaiwa, "breach", kuvunja mkataba. Hilo la mwisho alilipenda, akasema linalia kama mbao inayopasuka.

Kisha duka likamshtaki. Kumbe mkataba ulimkataza kumuuzia mtu mwingine yeyote kiti chake cha kukunja, naye alikuwa amewauzia majirani. Akishindwa, karakana inakwenda. Utetezi wake ulikuwa mmoja tu: nilitia saini lugha nisiyoijua.

Kanuni inataka mkalimani akiwa anamjua mmoja wa wenye kesi, aseme na ajitoe. Binti, aliyepangiwa kesi hiyo, alinyamaza. Alijipa moyo kwamba mkalimani mwingine angejikwaa kwenye maneno magumu, amwangushe mpenzi wake. Mapenzi nayo yana werevu wake wa kijinga.

Sasa, mkalimani husema kana kwamba yeye ndiye msemaji. Hasemi "wakili anadai hivi." Kwa hiyo wakili wa duka alipong'aka kwa Kiingereza, binti alimgeukia Maranda mbele ya kadamnasi, akasema kwa sauti kavu ya kazi:

"Wewe ni mwongo. Ulijua ulichotia saini, na sasa unajifanya mjinga."

Kijana alimtazama kama aliyepigwa kofi na mama yake. Swali lililofuata likauliza kama aliuvunja mkataba. Hakuusubiri tena mdomo ule. Akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza kile kile cha kwenye ubao:

"Yes. I breached the contract."

Wakili akaketi polepole, akitabasamu. Mtu asiyejua Kiingereza alikuwa amekisema, tena kwa ufasaha.

Binti akawahi. "Mheshimiwa, nilimfundisha mimi, baada ya saini. Ni mchumba wangu."

Hakimu akamuuliza mbona hakulisema hilo tangu mwanzo. Ushahidi wa mpenzi aliyejificha ukapimwa, ukawa mwepesi kama pumba. Akafukuzwa kazi, na karakana ikaenda.

Siku lori la duka lilipokuja kuchukua mashine, binti alimkuta Maranda ameketi kizingitini.

"Ungejitoa tu, mpenzi," kijana akasema. "Mkalimani angekuwa mgeni, ningemwacha atukane mpaka achoke. Tusi la mgeni haliingii ndani."

"Nilitaka niwe karibu nawe."

"Najua. Hata juzi uliponipigia ukasema, 'Wewe, umekula?' nilijua ni huruma. Lakini sauti ni ile ile. Nikamsikia wakili."

Binti alifumbua kinywa amwombe radhi, akaona mabega ya kijana yakijikunyata hata kabla ya neno kutoka. Akakifumba. Akashika ncha moja ya meza ya kazi, Maranda akashika nyingine, wakaibeba hadi lorini.

Lori lilipopinda kona, kijana alishika njia ya upande wa pili. Na binti, kwa kumpenda, hakumwita.